Kulinda kasa Kisauni: kazi ilivyo, na unachoweza kufanya ukimwona

Ukisema hapa Mjambere kwamba unajitolea kulinda kasa, swali la kwanza utakaloulizwa ni "Walipwa ngapi?" La pili ni "Kwani kasa bado wako huku kwetu?" La kwanza jibu lake ni fupi: silipwi. La pili lahitaji maelezo. Kasa wako. Hupanda kutaga kwenye fuo zetu za Nyali, Bamburi na Shanzu, mwendo mfupi wa tuktuk kutoka tunakolala, na wengi wetu tumezaliwa na kukulia Kisauni bila kumwona hata mmoja.

Makala haya ni ya mtu anayetaka kujua kazi hii ni nini hasa: msimu wake, usiku wake, taabu zake, na la kufanya ukimkuta kasa ufuoni au kwenye wavu. Mimi mchana nina kibanda cha kutengeneza simu. Usiku wa zamu yangu naungana na wenzangu wachache, vijana na watu wazima, wanaume na wanawake, tunaotembea ufuoni.

Kasa tulio nao

Bahari ya Kenya ina aina tano za kasa. Anayeonekana zaidi ni kasa wa kijani, ambaye wavuvi wetu humwita kasa tu. Wa pili ni ng'amba, mwenye mdomo uliopinda kama wa mwewe na magamba yenye madoa ya kahawia na manjano. Hawa wawili, pamoja na kasa mdogo wa rangi ya zeituni, ndio wanaotaga kwenye fuo za Kenya. Wawili waliobaki, yule mwenye kichwa kikubwa na yule mkubwa kuliko wote ambaye mgongo wake ni ngozi badala ya gamba, huja kula au hupita tu.

Watu wa pwani na kasa wamejuana tangu kale. Periplus, kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki yapata miaka 2000 iliyopita, kinalitaja gamba la kasa pamoja na pembe za ndovu katika bidhaa zilizotoka pwani hii. Wazee walikuwa wakimvua kasa kwa chazo, yule samaki anayejibandika kwenye miili ya wengine. Chazo alifungwa kamba mkiani, akaachiwa majini, akimgandama kasa kamba inavutwa taratibu. Ni ujuzi mkubwa, lakini ulikuwa wa zama ambazo kasa walikuwa wengi na nyavu zilikuwa chache.

Leo biashara ya kimataifa ya kasa na viungo vyake imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Hapa kwetu, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inawalinda kasa wa baharini. Kumuua, kuuza nyama au mafuta yake, kuchimba mayai yake, kuweka gamba lake dukani, yote ni makosa yenye faini kubwa na kifungo. Na sehemu ya bahari iliyo mbele yetu ni hifadhi tangu 1986: kilomita za mraba 10 ambazo havuliwi kitu kabisa, na nyingine 200 hivi zinazozizunguka ambazo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa kwa masharti.

Msimu na saa za kazi

Kasa hutaga mwaka mzima, lakini wengi hupanda kati ya Machi na Julai, kaskazi ikishamaliza na kusi kuingia. Kwa hivyo miezi ya mvua na upepo mkali, wakati wageni wamepungua ufuoni, ndiyo miezi yetu ya kazi nyingi.

Sisi, kama wavuvi, twaishi kwa mwezi na maji. Mwamba ulioko mbele ya fuo zetu ni kizuizi kwa kasa mzito. Maji yakijaa anavuka kwa urahisi na anafika karibu na mchanga mkavu. Kwa sababu hiyo hatuangalii saa peke yake, twaangalia maji yatajaa lini usiku huo, na wakati wa bamvua tunakuwa macho zaidi.

Usiku wa zamu uko hivi. Nafunga kibanda baada ya isha, nalala kidogo, kisha nakwenda kukutana na wenzangu. Hatutembei mmoja mmoja. Kisauni yetu twaijua, na usiku si wa kuchezea, kwa hivyo twatembea wawili wawili au watatu, na walinzi wa majumba na mahoteli wanatujua kwa sura na kwa majina. Twavaa nguo za rangi nyeusi. Tochi tumezifunika kwa plastiki nyekundu, kwa sababu mwanga mweupe humrudisha kasa baharini kabla hajataga. Simu inakaa mfukoni. Twakwenda hadi mwisho wa kipande chetu, tunapumzika, tunarudi. Kahawa chungu ya kwenye chupa na mahamri yaliyobaki ndiyo marupurupu.

Nyingi za siku hizo huoni kitu. Utaona kaa, mbwa, wapendanao, na mara nyingine mtu mwenye ndoo ambaye hana haraka ya kueleza amefuata nini. Huyo mwenye ndoo ndiye sababu moja ya sisi kuwepo. Anayejua kwamba kuna watu wanapita kila baada ya muda hachimbi kwa starehe.

Kusoma mchanga

Alama za kasa ukizizoea huzikosi. Zafanana na gari la matairi mapana lililotoka baharini. Kasa wa kijani huvuta mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hivyo alama zake ni sawa kulia na kushoto, na upana wake hukaribia mita moja. Ng'amba na kasa wa zeituni huvuta pezi moja baada ya jingine, na alama zao ni nyembamba na zimepishana.

Si kila alama ina kiota. Mara nyingi jike hupanda, akakutana na ukuta, mizizi, viti vya plastiki au kelele, akageuka. Hiyo tunaiandika pia, kwa sababu ufuo ambao kasa wanapanda na kurudi bila kutaga una tatizo linalotakiwa kujulikana.

Ukimkuta jike anapanda, kaa chini na usisonge. Akishaanza kutaga hatishiki kwa urahisi, lakini hata hapo twakaa nyuma yake, mbali na macho. Anachimba shimo kwa mapezi ya nyuma, moja linachota na jingine linasubiri, kwa ustadi ambao mtu aliye na mikono angeuonea haya. Hutaga mayai mia moja hivi, meupe, ya duara, ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani. Kisha anafukia, anarusha mchanga huku na huku kuficha mahali penyewe, na anarudi majini. Shughuli yote huchukua saa moja hadi mbili au zaidi. Atarudi baada ya wiki mbili hivi kutaga tena, mara kadhaa katika msimu mmoja, kisha atapumzika miaka miwili au zaidi kabla ya msimu mwingine.

Watu husema kasa hulia anapotaga. Ni kweli macho yake hutoka maji, lakini hiyo ni chumvi anayoitoa mwilini kila wakati, hata akiwa baharini. Uchungu tusimzulie.

Kiota kikishapatikana

Jambo la kwanza ni kuangalia mstari wa mwani, pale maji yanapofika yakijaa. Kiota kikiwa juu ya mstari huo hatukigusi. Kikiwa chini, mayai yatafunikwa na maji na kuoza, kwa hivyo yanahamishwa. Kazi hiyo hufanywa na aliyefunzwa, kwa idhini na maelekezo ya maafisa wa wanyamapori, KWS, na ifanywe ndani ya saa chache tangu mayai kutagwa. Baadaye kiinitete hujishikiza juu ndani ya yai, na ukiligeuza unakiua. Ndiyo maana twamwambia kila mtu: hata kwa nia njema, usichimbe.

Hatuweki kibao cha "hapa pana mayai ya kasa". Kibao ni mwaliko. Twapima kutoka kwenye mti au pembe ya ukuta, twaandika hesabu kwenye daftari, tunafuta alama za jike kwa matawi, na kuanzia hapo twahesabu siku. Mayai huchukua siku 50 hadi 60 hivi.

Mchanga ukipoa usiku, vitoto hutoka kwa pamoja. Hukimbilia upande wenye mwanga zaidi. Zamani upande huo ulikuwa bahari siku zote, kwa sababu maji huakisi nyota na mwezi. Leo mwanga mkubwa mara nyingi uko nyuma, kwenye bustani na baa za ufuoni, na vitoto huelekea huko hadi jua likawakuta wamekauka kwenye nyasi. Usiku wa kuanguliwa kazi yetu ni kwenda kuwabishia hodi walinzi na kuomba taa za upande wa bahari zizimwe kwa saa chache. Walinzi wengi hukubali. Wengine husema hawana amri hiyo, na usiku wa manane mwenye amri hapatikani.

Siku mbili tatu baadaye kiota huchimbuliwa ili kuhesabu maganda, mayai viza, na kuwatoa waliokwama. Harufu yake haiandikiki. Lakini daftari hilo ndilo linaloonyesha ufuo gani unafaa na upi umeharibika, na bila hesabu hizo maneno yetu mbele ya ofisi yoyote ni hadithi tu.

Wataalamu hukadiria kwamba katika vitoto elfu moja ni kimoja tu hivi kitakachofikia utu uzima. Na kasa wa kijani huchukua miaka 20 hadi 40, hata zaidi, kabla ya kutaga mara ya kwanza. Kwa hivyo jike mmoja mzima anayekufa ni hasara ambayo viota vingi havitaifidia.

Mvuvi na wavu wake

Hapa ndipo penye ugumu kuliko doria zote. Kasa anapumua hewa kama sisi. Akinaswa kwenye jarife lililotegwa usiku kucha anazama na kufa. Mvuvi hakumtaka. Alitaka nguru au pono, na asubuhi anakuta mnyama mzito amejiviringa kwenye nyavu, na njia rahisi ya kumtoa ni kukata nyuzi.

Mvuvi mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, nyinyi mwataka nimwachie kasa. Sawa. Na jarife langu nimwachie nani?" Sikuwa na jibu la kumtosha, kwa sababu swali lake ni la haki. Sheria inamlinda kasa, wala hakuna anayemlipa mzee huyu bei ya wavu.

Wenzetu wa Watamu wamelijaribu jibu moja. Shirika la Local Ocean, lililoanza 1997 kama Watamu Turtle Watch, hupokea simu za wavuvi walionasa kasa bila kukusudia, huenda kumchukua, humpima, humtia alama ya chuma kwenye pezi na kumrudisha majini, na aliyeumia hutibiwa kwenye kituo chao. Mvuvi hupewa kitu kidogo cha kufidia simu, nauli na usumbufu. Si bei ya kasa, ambayo ingewafanya watu wamwinde. Ni njia ya kumwambia mvuvi kwamba muda wake una thamani. Sisi wa Kisauni hatuna fedha za namna hiyo. Tulicho nacho ni mikono: tunamsaidia mvuvi kumtoa kasa bila kukata sana, na wenye ujuzi wa kushona nyavu hukaa naye baadaye kuziba matundu. Tangu tuanze kufanya hivyo, simu za wavuvi zimeongezeka kuliko wakati tulipokuwa tukiwapelekea mahubiri peke yake.

Mvuvi anayepiga simu tunamchukulia kama mwenzetu. Tukianza kumtisha kwa sheria, kasa anayefuata atatupwa kimya kimya, au atapikwa.

Nyama ya kasa inaua

Kuna wanaosema mafuta ya kasa hutibu pumu, na mayai huongeza nguvu za kiume. Madai hayo hayana ushahidi wa kitabibu. Madhara ya nyama yake, hata hivyo, tumeyaona kwa ndugu zetu. Novemba 2021 huko Pemba watu saba walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na nyama yenye sumu haina rangi wala ladha ya kukuonya. Watoto wadogo ndio huathirika zaidi. Mtu akikuletea nyama ya kasa kama zawadi, kataa, na waambie majirani.

Mchanga unaopungua

Ukitembea kutoka Nyali kwenda Shanzu maji yakiwa yamejaa, kuna sehemu huna pa kukanyaga: bahari inapiga ukutani. Kila mwenye kiwanja hujenga ukuta kuilinda ardhi yake, wimbi linagonga ukuta na kuuchukua mchanga ulio mbele yake, na jirani naye analazimika kujenga wake. Kasa anayepanda hapo hana pa kutaga. Mvuvi naye hana pa kuegesha mtumbwi, na mtoto wa Mjambere hana pa kuchezea Jumapili. Hili si la kasa peke yake.

Wanaodhani ufuo hauwezi kuisha wasikie habari za Maziwe, kisiwa kidogo karibu na Pangani, Tanzania. Kilikuwa na miti na kilikuwa maarufu kwa kasa kutaga. Miti ilikatwa, mchanga ukamomonyoka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kisiwa kilikuwa kimetoweka. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado hupanda hapo, na mayai yao hulazimika kuhamishiwa bara, Ushongo, ili yasizame.

Miti ina kazi nyingine pia. Joto la mchanga ndilo linaloamua vitoto vitakuwa vya kike au vya kiume: zaidi ya nyuzi 29 hivi wengi huwa majike, chini ya hapo madume, na joto likizidi sana hufia ndani ya yai. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba kati ya kasa wachanga waliotoka fuo za joto za kaskazini mwa mwamba mkuu wa Australia, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Kivuli cha mvinje na mkungu ufuoni si pambo.

Ukimwona kasa, fanya hivi

Akipanda usiku: zima taa na simu, kaa chini, usimpige picha kwa mwanga, usimkalie mgongoni, mfunge mbwa. Ngoja amalize.

Ukiona kiota au alama: usichimbe, usitangaze kwenye makundi ya simu. Waarifu KWS au kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, kilicho karibu.

Ukikuta vitoto: viache vitembee vyenyewe hadi majini. Zuia mbwa, kunguru na watu. Zima taa iliyo nyuma yao. Usiviweke kwenye ndoo ya maji.

Akinaswa kwenye wavu na haonyeshi uhai: usimtupe haraka. Huenda amezimia. Mlaze kwa tumbo, inua upande wa nyuma kidogo ili maji yatoke, mweke kivulini, mfunike kwa kitambaa kibichi bila kuziba pua, na upige simu. Huweza kuzinduka baada ya saa nyingi.

Ukitaka kujiunga

Huhitaji cheti wala kujua kuogelea. Wahitaji miguu, subira na ulimi mzuri, kwa sababu nusu ya kazi ni kuzungumza na watu: mvuvi, mlinzi, mpishi wa hoteli, mwalimu wa madrasa, mama muuza viazi karai.

Lakini nisikudanganye, kujitolea kuna bei. Nauli ni yako, usingizi ni wako, na asubuhi kibanda kinafunguliwa. Kila msimu tunapoteza vijana wazuri, wanaojua kusoma mchanga kuliko mimi, kwa sababu wamepata kibarua cha usiku mahali pengine. Siwalaumu. Wako vijana wa Ulaya wanaolipa ili waje wafanye kazi hii wiki tatu, nasi twawakaribisha. Kijana wa hapa hawezi kuifanya miaka mitatu kwa tumbo tupu.

Rai yangu ni hii. Mahoteli na wenye majumba ya ufuoni tayari huajiri walinzi wa usiku. Wawaajiri vijana wa Kisauni waliofunzwa kulinda viota, mtu mmoja afanye kazi zote mbili, na wazime taa za upande wa bahari kuanzia Machi hadi Julai. Serikali ya kaunti nayo, kabla ya kuruhusu ukuta mwingine, iulize kwanza maji yakijaa mchanga utabaki wapi. Hayo mawili hayahitaji mradi wa mamilioni.

Kasa atakayeanguliwa Bamburi msimu huu hatapanda kutaga kabla mtoto wa chekechea wa leo hajawa mzazi. Mwezi huu, kama unakaa karibu na ufuo au unamjua anayekaa huko, mwambie habari ya taa. Na kama una jarife kuukuu lililokatika, lete tulishone.